Glavu za Mtafuta Bikoni

Jumamosi iliyopita nyinyi watoto wa hosteli za Kahawa Wendani mlinipata hapa kwangu Witeithie nikianika maharagwe. Mlinisalimia vizuri, mkaketi kwenye ndoo nilizowapindulia, mkanionyesha ile mashine yenu inayolia ikinusa chuma ardhini. Mmoja wenu, yule msichana wa nywele za rangi ya karoti, akaniuliza, "Shosho, ukiwa unatafuta vitu vya zamani huko shambani, unavaa glavu gani?" Kisha akanionyesha kiganja chake. Kilikuwa kimebandikwa plasta mpaka karibu na kifundo, na akakificha tena haraka kana kwamba ni aibu. Niliwapa chai, lakini jibu sikuwapa lote, kwa sababu mlisema mna haraka ya kurudi kusoma. Haya, tuseme ni kusoma. Basi nawaandikia, maana nimestaafu na muda ninao.

Mimi sikuwahi kutafuta sarafu wala vijiko vya masetla wa Kizungu, hayo ni yenu. Nilitafuta bikoni. Ploti ikipimwa, kila kona huwekwa kipande cha chuma kilichosimamishwa ndani ya simiti, na hapo ndipo kwako kunapoishia. Miaka inapita, udongo unafunika, ua unaota juu, mtu anajenga banda la kuku. Siku majirani wakikosana, au mmoja akitaka kuuza, anaitwa surveya, na surveya anakuja na mtu wa kuinama. Huyo mtu wa kuinama nilikuwa mimi. Ndiyo, mwanamke. Nilianza kwa kufyeka njia ya kamba kule Ruiru, kwenye mashamba ya kahawa yaliyokuwa yanakatwa ploti, na wanaume walipochoka kuingiza mikono kwenye kaiyaba wakaniachia mimi. Mnajua ile kaiyaba ya ua, yenye miiba mirefu kama sindano ya gunia. Nikaingia, na sikutoka kwenye kazi hiyo mpaka magoti yalipokataa.

Kazi ya mwisho niliifanya wakati tayari nimeshaacha kazi, na niliifanya kwa ajili ya Mama Muthoni wa Gatuanyaga. Tulikuwa tumefahamiana zamani, tukichuma kahawa pamoja tukiwa wasichana. Alinipigia simu asubuhi, sauti imekauka. Mume wake alikuwa azikwe kesho yake. Vijana wa kanisa walikuwa wameshaanza kuchimba kaburi, shimo likafika magotini, ndipo jirani yao Kariuki akatokea akawaambia wasimame, kwamba hapo ni kwake. "Nyambura," akaniambia, "wageni wameanza kufika, mwili unatoka mochari kesho mapema, na mimi sijui mzee wangu atalala wapi. Njoo unitafutie kona."

Nilimwambia naja. Surveya niliyemzoea alikuwa safarini, hangeweza kufika wiki hiyo, lakini alinipa kwa simu kipimo cha kutoka bikoni ya barabarani mpaka ile kona ya ndani iliyopotea. Halafu nikavuta gunia langu kutoka chini ya kitanda, nikalimwaga sakafuni nichague glavu. Sasa hapo ndipo msikilize, kwa sababu hapo ndipo swali la yule msichana lilipo.

Kwanza kabisa kwenye gunia langu glavu nyingi ni za mkono wa kushoto. Hiyo ni kwa sababu mkono wa kulia ndio unaochimba, na glavu yake ndiyo inayotoboka. Aliyenifundisha kazi, Mzee Barasa, Mluhya aliyekuja Thika kufanya kazi ya kiwanda akaishia kuvuta mnyororo wa surveya, yeye alikuwa wa mkono wa kushoto. Kwa hivyo yake ya kushoto ikitoboka na yangu ya kulia ikitoboka, tunabadilishana zilizobaki, na kila mtu anakuwa na jozi. Watu wa saiti walikuwa wanatucheka wakisema tumeoana mikono. Mzee alipofariki nikaanza kulundika za kushoto. Sijui kwa nini sizitupi, na msiniulize.

Barasa ndiye aliyenionyesha namna ya kununua. Alikuwa akiingia duka la hadiweya la Thika, anavaa glavu, anaangusha shilingi sakafuni na kuinama kuiokota akiwa amevaa. Akishindwa, anazirudisha kwenye rafu. Muuzaji alidhani ni mzee amechanganyikiwa. Lakini fikirieni wenyewe: kama glavu haikuruhusu kuokota shilingi unayoiona, utaipataje ile iliyo ndani ya udongo usiyoiona? Kisha alikuwa akikunja ngumi kabisa na kuikunjua. Ncha za vidole zikibaki zimening'inia mbele, hizo ni kubwa, zitakwama kwenye mizizi. Zikikubana mpaka mkono unahisi ganzi, hizo ni za mtu mwingine. Msiaibike kujaribu mbele ya muuzaji. Viatu mnajaribu, sivyo?

Kuna hizi za ngozi za watu wa kuchomelea, ndefu mpaka karibu na kiwiko. Hizo ni za kufyeka. Ukikutana na kaiyaba, mkonge, au ile thabai inayowasha mpaka unataka kulia, vaa hizo na usijifanye shujaa. Ubaya wake ni kwamba ukizivaa hujui kama umeshika jiwe au mkate. Na zikinyeshewa, tafadhali msizianike karibu na jiko. Nilifanya hivyo mara moja nikaamka kukuta zimekauka zimekunja vidole, ungedhani zinaniomba kitu. Zianike kivulini, na zikishakauka zisugue na mafuta kidogo, hata ya kupaka mwili yanatosha.

Halafu kuna hizi za nyuzi zilizochovywa mpira kwenye kiganja, mgongoni wazi. Hizo ndizo za kutafutia, na ndizo ningemnunulia yule msichana leo hii. Zinashika, vidole vinasikia, mkono haupikwi na jasho. Ila ule mgongo wazi mwiba unapita, kwa hivyo usizivae kufyeka. Ninyi mnataka glavu moja ya kila kitu, kama mnavyotaka simu moja ya kila kitu. Hakuna. Bebeni jozi mbili na mbadilishe.

Na za hospitali zile nyembamba? Hizo zinapasuka kabla hujapiga magoti. Za kuoshea vyombo zinajaa jasho mpaka mkono unatoka umekunjamana. Mkilazimika kuzivaa mahali penye maji machafu, sawa, lakini mvae nyingine juu yake.

Ruiru ndipo nilipojifunza jambo ambalo muuzaji hakunieleza. Walikuwa wameleta glavu za kijivu, akaniambia mama, hizi kisu hakizikati. Nikazipenda kweli. Siku hiyo bikoni ilikuwa chini ya lundo la takataka kwenye ploti tupu, nepi za watoto, chupa, makaratasi, kila kitu mtaa ulichokataa. Nikaingiza mkono kwa kiburi. Kisu hakikunikata, hiyo ni kweli, lakini msumari ulipita katikati ya nyuzi kana kwamba hapakuwa na kitu. Glavu ya kuzuia kukatwa haizuii kudungwa, shikeni hilo. Barasa alicheka kwanza, halafu akaona damu, akaacha kucheka, akanishika mkono mpaka kliniki nidungwe sindano ya pepopunda, na akakaa nje kwenye benchi akinisubiri na kofia yangu mapajani. Baadaye akaniambia kitu rahisi tu: mahali usipopaona, fimbo itangulie, mkono ufuate. Tangu hapo nilitembea na fimbo ya chuma. Na ukiona shimo la mnyama, hata fimbo iache. Hakuna glavu ya hadiweya inayomzuia nyoka.

Acha niwachekeshe kidogo kabla sijaondoka kwenda Gatuanyaga. Hapo hapo Ruiru tulitafuta kona moja tangu asubuhi mpaka mchana. Tulifyeka, tukachimba, tukachimbua mpaka mizizi ya parachichi, hakuna kitu. Mama mwenye boma akatuonea huruma, akatuita tunawe tule. Kulikuwa na jiwe zuri karibu na mlango wa jikoni, la kusimama unapoosha miguu. Barasa akasimama juu yake, akanawa, akatazama chini, akaona ncha ya chuma katikati yake. Ile ilikuwa bikoni yetu. Mama alikuwa ameipata akilima maharagwe, akaona jiwe limenyooka vizuri, akaling'oa na kulileta nyumbani. Hakuwa na ubaya wowote, na chakula chake kilikuwa kitamu sana. Lakini kona yake aliihamisha yeye mwenyewe mpaka jikoni.

Basi siku ile nilichukua jozi ya ngozi na jozi ya mpira, nikazikung'uta vizuri. Huko Gatuanyaga kukavu nge anapenda glavu kama anavyopenda kiatu, kwa hivyo kung'uta kila unapovaa, hata kama ulizivua sasa hivi. Nikachukua fimbo, utepe wa kupimia na kamba, nikapanda pikipiki. Vumbi la njia ile lilinijaa mpaka kwenye meno.

Nilikuta hema limesimamishwa na wanawake wanachambua mchele. Mama Muthoni alinikumbatia, halafu akanipeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba bila hata kunipa maji. Shimo lilikuwa pale, limefika magotini. Kariuki alikuwa amesimama upande wa pili na mikono nyuma. Si mtu mbaya, niwaambie mapema. Anauza nguo mjini Thika, mtu mpole, anapiga pasi shati lake hata siku ya kulima. Alinisalimia kwa heshima.

"Mama, mimi sikatai mtu azikwe," akaniambia. "Lakini kaburi likishakuwa kwangu, nitalima juu yake? Watoto wangu watalihamisha? Niambie."

Alikuwa anasema ukweli. Nyinyi wa kizazi hiki mnaweza kuona kaburi ni shimo tu, lakini kwetu mtu akishazikwa mahali, mahali hapo ni pake na pa watoto wake. Kesi za ardhi zinaisha kwa kaburi. Na nilielewa pia kilichowachanganya. Sisi Wakikuyu tunapanda itoka kwenye mpaka, lile ua lenye majani marefu mazito, na halitakiwi kuguswa. Marehemu alikuwa amepanda safu yake ya itoka, na Kariuki aliponunua akapanda safu yake, kila mmoja akidhani anafuata mpaka. Katikati ya safu hizo mbili kukabaki kipande cha ardhi ambacho kila mmoja alikuwa akimwachia mwenzake miaka yote kwa adabu. Hakuna aliyekilima. Kwa vile kilikuwa kitupu na kizuri, vijana wakaenda kuchimba hapo hapo.

Naibu wa chifu alikuwepo, akasema kona ikipatikana kila mtu ataikubali, na isipopatikana mazishi yaahirishwe. Mama Muthoni aliposikia neno kuahirishwa aliketi chini kwenye udongo. Chakula kimenunuliwa, watu wametoka mbali, na mzee amelala kwenye barafu.

Nikapima kutoka bikoni ya barabarani jinsi surveya alivyoniambia. Utepe haupiti kwenye mkonge umenyooka, kwa hivyo ulinifikisha karibu tu, mahali penye kichaka cha kaiyaba iliyochanganyika na mkonge. Nikavaa za ngozi, nikafyeka. Miiba iligonga ngozi ikateleza. Nilipofika kwenye udongo nikachoma fimbo hapa na pale nikisikiliza, mlio wa chuma, mlio wa simiti, chochote. Hakuna. Jua lilikuwa limepita utosini na mimi bado nachoma. Kijana mmoja wa kanisa akasema polepole, "Cucu, hicho chuma si kiliuzwa skrapu kitambo?" Nilijua anasema kweli. Huko bikoni nyingi zimeng'olewa zikauzwa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Barasa na maneno yake kuhusu mashamba kama hilo, yaliyonunuliwa na vyama vya kununua ardhi. Wazee wa kamati za vyama hivyo waliona mapema kwamba chuma kitaibwa. Kwa hivyo kabla ya kusimamisha bikoni, walikuwa wanafukia chupa zilizovunjwa chini kabisa ya shimo, na juu yake ndiyo wanaweka simiti na chuma. Mwizi akichukua chuma, chupa zinabaki, kwa sababu nani ataiba chupa iliyovunjika? Na hapo ndipo mashine yenu ingelala usingizi, vijana wangu, maana glasi hailii. Ila fimbo nayo ingenivunjia hizo chupa na kuzitawanya. Ilibaki mkono.

Nikavua za ngozi. Kwa zile ningechimba glasi nikaitupa pamoja na mawe bila kujua. Nikakung'uta za mpira, nikavaa, nikapiga magoti, nikaanza kuondoa udongo safu kwa safu kwa vidole vilivyolala, si kwa ncha. Mkisaka kitu kinachokata, msichome vidole ardhini. Lazeni mkono, upitisheni kama mtu anayetandika shuka. Mama Muthoni alikuja akapiga magoti karibu nami, na sikumfukuza, lakini nilimkataza kugusa. Kariuki naye alikuja akasimama juu yetu, na kivuli chake kikanipoza mgongo.

Kwanza nilihisi kokoto. Halafu mzizi. Halafu, kwenye kina cha urefu wa mkono wangu, kitu laini kilichopinda, baridi. Nilijua kabla sijakiona. Nilifagia kwa kidole na kitako cha chupa ya kijani kikatokea, kimeangalia juu, na vingine vimekizunguka, vyote vimekaa pamoja jinsi vilivyowekwa. Glavu ilikuwa imekatika kidole cha shahada, ngozi yangu haikuguswa. Nikamwambia Mama Muthoni, "Kona ni hii," na akaanza kulia kabla hata hatujajua kama ni kulia kwa furaha.

Naibu wa chifu akaja akatazama, Kariuki akatazama. Tukafunga kamba kwenye fimbo niliyoisimamisha kwenye glasi, tukaivuta mpaka bikoni ya barabarani. Kamba ikanyooka. Ikapita juu ya shimo.

Haikupita pembeni. Ilikata shimo lenyewe, upande wa miguu ukabaki kwa Mama Muthoni na upande wa kichwa ukaingia kwa Kariuki. Watu wote walilitazama shimo. Mimi mwenyewe nilitamani kamba ile iwe imekosea, nikaenda kuikagua tena. Ilikuwa sawa.

Kariuki ndiye aliyesema kwanza. "Mama Muthoni, basi acheni liwe hapo hapo. Mimi nimekubali, na naibu ni shahidi."

Mama Muthoni alijifuta uso kwa kanga. "Asante," akasema. "Lakini wewe na mimi tutakufa. Watoto wako hawatajua ulikubali, watajua tu kuna kichwa cha mtu kwao. Sitaki mzee wangu asumbuliwe. Lifukieni, tuchimbe huku kwangu."

Ilikuwa inaelekea jioni. Wale vijana wa kanisa wengi walikuwa wameshaondoka kwa sababu ya kungoja kutwa nzima, wamebaki wawili, na udongo wa Gatuanyaga kiangazi ni sawa na kuchimba sakafu. Kariuki alikunja mikono ya lile shati lake la pasi. Akachukua sururu. Hakuombwa na mtu. Alichimba kwa hasira, sijui juu ya nani, pengine juu yake mwenyewe kwa kusimamisha kazi, ingawa hakuwa amekosea. Mkono wa mtu wa duka haujui mpini. Muda si muda nikaona anabadilisha kushika, mara huku mara kule, na nikajua malengelenge yameshapasuka. Nikamletea glavu zangu za ngozi. Akatikisa kichwa, akaendelea.

"Zivae, baba," nikamwambia. "Unajiumiza bure."

"Wacha tu, mama," akasema bila kuinua macho. "Huyu tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi."

Miaka yote nimegombeza watu kuhusu glavu, na hapo nikasimama nazo mkononi kama mgeni. Mama Muthoni alikuwa ametusikia. Alikuja, akazichukua kwangu, akazikung'uta moja baada ya nyingine jinsi alivyoniona nikifanya, akateremka mpaka ukingoni mwa shimo.

"Kariuki, vaa," akasema. "Kesho nataka wewe ushike jeneza upande wa kichwa. Na mkono uliochubuka hautalishika."

Kariuki aliegemeza sururu. Alinyoosha mkono mmoja, halafu wa pili, na Mama Muthoni akamvalisha.